Adabu ya Kuruka Chini

Mtu aliyezaliwa Muthara, katika nchi ya Tigania, huzoea tangu utotoni kuitazama dunia kutoka juu kwenda chini. Nyuma yake ipo safu ya Nyambene, yenye misitu, mashamba ya miraa na ya chai, na mawingu ambayo aghalabu hayabanduki vileleni hata jua likipanda. Na mbele yake, upande wa kaskazini, ardhi huteremka mpaka nyanda za Isiolo, ambako mvua ni haba, miti ni mifupi, na jicho husafiri mpaka lichoke bila kukutana na kizuizi. Watoto wa nchi nyingine huona matumbo ya ndege zinazopita angani. Sisi siku nyingine tuliona migongo yake, kwa kuwa chombo kilichokuwa kikiambaa nyanda zile kiliweza kuwa juu sana machoni pa mchungaji wa Isiolo, na papo hapo kikawa chini ya miguu ya mtoto wa Tigania aliyeketi ukingoni na mbuzi wake.

Sikujua wakati huo kwamba jambo lile dogo, la ndege moja kuwa juu kwa mtu mmoja na chini kwa mwingine, ndilo lingekuwa somo la nusu ya umri wangu. Kwa riziki ya Mungu niliajiriwa nikiwa kijana katika kazi ya kuhesabu wanyama kutoka angani, kazi iliyopata nguvu katika Kenya miaka ya 1970, serikali ilipounda idara iliyojulikana kwa jina fupi la KREMU ili ijue ni tembo wangapi, twiga wangapi, choroa wangapi, na ng'ombe na ngamia wangapi wa wafugaji, wanaoishi katika nchi kavu ambayo ni sehemu kubwa mno ya jamhuri yetu. Sikuwa rubani, wala sikupata kuutamani urubani. Nilikuwa mtazamaji, mtu wa kiti cha nyuma, ambaye kazi yake ni kutazama nje ya dirisha na kutamka katika kinasa sauti kila anachokiona, bila ya kuongeza wala kupunguza. Lakini mtazamaji ana wasaa ambao rubani hana, na katika wasaa ule nilijifunza mengi juu ya kimo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ndege, ambayo sharti mabawa yake yawe juu ya madirisha ili yasizibe macho, hupita kwa mstari ulionyoka juu ya nyika, kisha hugeuka na kurudi kwa mstari mwingine ulio mbali kidogo na ule wa kwanza, mpaka nchi nzima iwe imepigwa mistari. Kwenye mihimili ya mabawa hufungwa fimbo mbili kila upande, na mtazamaji huhesabu wale wanyama tu wanaoonekana kati ya fimbo hizo. Ndege ikiruka futi 300 juu ya ardhi, nafasi iliyo kati ya fimbo hulingana na ukanda wa ardhi wenye upana wa mita 150 hivi, na kwa kuujua upana huo na urefu wa mstari, wataalamu hukadiria idadi ya wanyama wa nchi nzima. Mike Norton-Griffiths, aliyeandika kitabu cha maarifa haya kilichotumika sana Nairobi baada ya mwaka 1978, aliusisitiza mno uangalifu wa kimo, na sababu yake ni hesabu ya darasani: rubani akipanda kutoka futi 300 mpaka futi 360, ukanda hupanuka kutoka mita 150 mpaka mita 180, na mtazamaji aliye mwaminifu kabisa huhesabu humusi nzima ya ziada, wanyama wasiokuwa wake, hata taifa likajisifu kwa tembo ambao hawajazaliwa. Kwa hiyo katika kazi yetu kimo kilikuwa ni usalama, na tena kilikuwa ni ukweli. Mwenye kupotoka katika kimo alisema uongo hata kama hakufungua kinywa.

Hapa msomaji anayeijua sharia ya anga atashtuka, na ana haki ya kushtuka. Kanuni za anga, ambazo asili yake ni Kiambatisho cha Pili cha Mkataba wa Chicago uliotiwa sahihi tarehe 7 Desemba 1944, na ambazo Kenya imezifanya kuwa sharia yake, zinasema kwamba ndege inayoruka kwa kutegemea macho ya rubani isipite juu ya miji, makazi yaliyosongamana au mkusanyiko wa watu mahali pa wazi ila iwe angalau futi 1,000 juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote vilivyomo ndani ya mita 600 kutoka ilipo. Na mahali pengine popote isishuke chini ya futi 500 juu ya ardhi au maji. Hutolewa nje ya hukumu hii ndege inayopaa au kutua, na ile iliyopewa idhini na wenye mamlaka. Sisi tulikuwa watu wa idhini, kama walivyokuwa marubani waliomwaga dawa juu ya nzige walipovamia Isiolo na Meru mwezi wa Januari mwaka 2020. Wala mtu asidhani kwamba idhini ni ruhusa ya kufanya apendavyo. Aliyeondolewa katika sharia ya wote hupewa badala yake sharia ndogo zilizo kali zaidi: atapita mistari iliyokwisha chorwa tu, kwa saa zilizokubaliwa, na akimaliza mstari wake apande.

Sasa nirudi kwenye ile migongo ya ndege. Ndani ya chumba cha rubani mna saa yenye mishale, ambayo humwambia kimo chake kwa kupima uzito wa hewa. Na saa hiyo, ikiisha kurekebishwa kwa habari ya hewa ya siku ile, huhesabu kutoka usawa wa bahari. Haijui mlima wala bonde. Rubani akishika futi 6,000 juu ya Isiolo, ambako ardhi yenyewe ina mwinuko wa futi 3,600 hivi, ana zaidi ya futi 2,000 za hewa safi chini yake na anaweza kuimba. Akiendelea na kimo kile kile kuelekea kusini-mashariki, mshale hautikisiki, injini haibadili sauti, lakini Tigania inapanda kumlaki, futi 4,000, futi 5,000, na kabla hajamaliza wimbo wake safu ya Nyambene, ambayo kilele chake hupita futi 8,000, imekwisha simama mbele yake. Sharia inampimia kutoka kwenye kizuizi kilicho chini yake, saa inampimia kutoka baharini, na lile pengo lililo kati ya vipimo hivi viwili hakuna wa kulijaza ila yeye mwenyewe, kwa kuijua nchi.

Nimepata kufikiri kwamba kanuni nyingi za namna hii ziliandikwa na watu wa nchi za chini. Tazama Uholanzi, ambako kiwanja kikuu cha ndege, Schiphol, kimo mita tatu hivi chini ya usawa wa bahari, na ambako kilima kirefu kuliko vyote cha bara lao, kiitwacho Vaalserberg, hakifiki hata futi 1,100. Kwa mtu wa huko bahari na ardhi ni kitu kimoja, na saa yake humwambia ukweli mtupu. Miraa ya kwetu ilikuwa ikifika katika nchi ile kwa ndege mpaka serikali yao ilipoipiga marufuku mwaka 2013, na nilipokuwa nikiona vibunda vya Tigania vikipakiwa garini kukimbizwa Nairobi, nilistaajabu kwamba majani yaliyochumwa alfajiri mlimani, karibu maili moja juu ya bahari, yangetafunwa mahali ambapo mtu husimama chini ya mawimbi asilowe. Lakini nisiwadhulumu waandishi wa kanuni. Walipoeleza ni umbali gani rubani wa macho akae na mawingu, walisema kwamba akiwa chini ya futi 3,000 kutoka baharini, au chini ya futi 1,000 kutoka ardhini, basi katika anga isiyoongozwa yatosha awe nje ya wingu na aione ardhi. Kisha wakaongeza kwamba katika vipimo hivyo viwili kifuatwe kile kilicho juu zaidi. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyotukumbuka sisi. Garissa, ambako ardhi haipandi hata futi 500, kipimo cha bahari hutawala. Kwetu Muthara futi 3,000 kutoka baharini zimo udongoni, pamoja na mizizi.

Kwa muda mrefu niliamini, kama wanavyoamini watu wengi, kwamba hatari ya kuruka imo milimani na kwamba nyanda za chini ni mahali pa mapumziko. Miaka ya kutazama nje ya dirisha ilinigeuza fikira. Milimani rubani ana msaidizi ambaye halali, naye ni hofu. Nakumbuka alasiri moja ya Julai, msimu ambao pepo za kusini-mashariki huleta ukungu na kuulaza juu ya Nyambene kwa siku nyingi mfululizo, tulipokuwa tukirudi kutoka upande wa Kinna kwenda Isiolo. Njia fupi ilipita juu ya bega la safu, na mimi, kwa ujana, nilitamani ipite juu ya kwetu.

"Kapteni," nikasema, "tukikata hapa tutaiona Muthara."

Rubani, mtu mzima mwenye mvi ambaye maneno yake yalikuwa machache kama sarafu za maskini, alitazama pale ambapo mlima ulikuwa ukipanda na wingu likishuka kuulaki, akaigeuza ndege kaskazini kuelekea nyandani.

"Bwana mdogo," akajibu bila ya kugeuza shingo, "kwenu nitakuja kwa gari."

Tukazunguka mlima kwa njia ndefu, chini ya anga jeupe, na tukatua Isiolo jua lingalipo. Hakuchungulia kitabu cha sharia kwa uamuzi ule. Mlima wenyewe ulimwamrisha.

Nyanda hazimwamrishi mtu. Pale ambapo Mto Tana unapinda kuelekea Garissa, au katika nchi ya mashariki ya Mbuga ya Wanyama ya Meru, ardhi imelala kama mkeka mpaka upeo wa macho, hakuna kinachotisha, na kila kitu kinamshawishi rubani ashuke. Kundi la tembo liko mtoni. Abiria ana kamera. Saa inasema futi 1,500 na nchi yenyewe iko karibu na usawa wa bahari. Basi kuna ubaya gani akishuka kidogo? Ushawishi huu ni wa zamani katika nchi yetu. Beryl Markham na wenzake wa miaka ya 1930 walijitafutia riziki kwa kuwasaka tembo kutoka angani kwa ajili ya wawindaji, na kazi ile haifanyiki kutoka futi elfu mbili. Lakini aliye chini juu ya nyika tambarare hupoteza mizani ya macho asijue kwamba ameipoteza, kwa sababu kichaka cha mgunga kilicho kimo cha mtu na mgunga mkubwa uliokomaa hufanana mno vikitazamwa kutoka juu, na asiyejua ukubwa wa anachokitazama hawezi kujua umbali wake. Nimeona mikoma ya kandokando ya mto ikitokea ghafula usawa wa bawa, hali dakika moja kabla ilikuwa majani madogo chini. Na injini ikinyamaza, rubani wa ndege ndogo aliye futi 500 ana muda usiozidi dakika moja wa kuchagua mahali pa kuangukia. Aliye futi 300 ana nusu ya muda huo, na wakati mwingine nusu ile haitoshi hata kutaja jina la Mungu kwa ukamilifu.

Tena anga ya chini si tupu. Tarehe 10 Januari 1959 Michael Grzimek, kijana wa Kijerumani aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake katika ndege iliyopakwa milia ya punda, alifariki dunia baada ya tumbusi kugonga bawa la ndege yake. Sisi wa kazi ile tulilijua jina lake, na kila tulipoona tumbusi wakizunguka mbele tulinyamaza sote, hata kinasa sauti kikanasa mngurumo mtupu.

Tena ziko nchi tambarare zenye mlima mmoja, nazo ndizo zinazodanganya kuliko zote. Marsabit ni kisiwa cha msitu na ukungu katikati ya jangwa. Anayekuja kutoka kusini huruka saa nzima juu ya nchi ambayo haikuinua hata kidole, kisha ardhi hupanda na kuingia katika wingu. Tarehe 10 Aprili 2006 ndege ya jeshi la anga iliyokuwa imewachukua viongozi waliokwenda kusuluhisha jamii za kaskazini iliuparamia mlima ule katika hali mbaya ya hewa, wakafariki watu 14, miongoni mwao Dakta Bonaya Godana, aliyepata kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, na Mirugi Kariuki, aliyekuwa Waziri Msaidizi. Walikuwa wakienda kutafuta amani, na msiba wao uliliza wilaya zote za kaskazini bila ya kubagua kabila. Miaka mitatu kabla ya hapo, tarehe 19 Julai 2003, ndege iliyotoka Nairobi kuwapeleka watalii wa Kimarekani Samburu iligonga Mlima Kenya karibu na kilele cha Lenana, wakafa wote 14 waliokuwamo. Samburu ni nchi ya chini. Nathubutu kudhani kwamba msafiri aelekeaye nchi ya chini huanza kuishi kule moyoni kabla hajafika, akawa amekwisha teremka hali mlima ungali mbele yake. Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa siku ile, nasema kwamba nimeyaona mawazo ya namna hiyo yakimpitia mtu nikiwa nimeketi nyuma yake.

Kwa hiyo nimeishia kuwa na maoni ambayo marafiki zangu marubani huyacheka, kwamba futi 500 za sharia zina thamani ndogo Nyambene na thamani kubwa Garissa. Nyambene hakuna mwenye akili anayehitaji kuambiwa asiukaribie mlima. Nyandani hakuna kinachomzuia mtu asishuke mpaka futi 50 isipokuwa lile neno lililoandikwa, na wale watu walio chini ambao neno hilo liliandikwa kwa ajili yao pia: mchungaji ambaye ngamia wake watatawanyika kutwa kwa sababu ya mngurumo mmoja, na wanawake walio kisimani. Zile futi 1,000 za juu ya mikusanyiko hazikuwekwa kwa ajili ya viwanja vya michezo vya Nairobi peke yake. Wazee wa baraza la Njuri Ncheke wakikutana Nchiru chini ya miti, nao ni mkusanyiko wa watu mahali pa wazi, na rubani ajaye kuwapiga picha kutoka dirishani anadaiwa adabu ile ile.

Na nchi tambarare ya leo si ile niliyoipita mimi. Laini kubwa ya umeme itokayo Ethiopia mpaka Suswa, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,000, inakatiza nyika ambayo zamani haikuwa na kitu kirefu kuliko twiga. Minara ya simu imesimama juu ya vilima ambavyo marubani wa wakati wetu walivitumia kama alama za njia. Na ndege zisizo na rubani, ambazo kanuni za Kenya za mwaka 2020 zimezizuia zisipande zaidi ya futi 400 kutoka ardhini, zimekuwa mikononi mwa vijana wa kila soko, Muthara ikiwamo. Baina ya dari ya vyombo hivyo na sakafu ya ndege zenye watu zimebaki futi 100, na futi 100 ndege hushuka katika pumzi moja. Mtu anayeichezea adabu ya kuruka chini katika nyakati hizi anacheza na roho nyingi zaidi kuliko tulizoweza kuzipoteza sisi.

Nimalize kwa ombi, nalo silielekezi kwa marubani. Vilimani kwetu na katika nyanda za chini yetu iko minara ambayo ile mistari yake myekundu na myeupe imekwisha chujuka kwa jua hata ikashabihi rangi ya wingu, na wingu ndilo linaloizunguka miezi ya Juni na Julai. Nawasihi wenye minara hiyo waipake rangi upya kabla ya msimu wa ukungu kuanza, na wakisimamisha mipya wapeleke urefu wake kwa mamlaka ya usafiri wa anga kabla ya chuma cha kwanza kupanda, ili ionekane katika ramani za vijana wanaofunzwa kuruka katika kiwanja cha ndege cha Wilson, ambao baadhi yao sasa ni watoto wa Tigania.